Lingeti za Libérat na Sahihi ya Émérance

Émérance Nkeshimana alizaliwa Bwegera mwaka ule ule nchi ilipopata uhuru, na kwa sababu hiyo baba yake, mzee Habonimana mkulima wa mpunga, alikuwa akiwaambia wageni kwamba binti yake na Kongo ni pacha. Aliusema utani huo kwa majivuno. Kongo ilipoanza kuumwa kila mwaka ugonjwa wake, mzee akauacha. Binti alikuwa na miaka minne uasi wa kwanza ulipopita bondeni mwa Ruzizi, familia nzima ikavuka mto na sufuria moja. Alikuwa na thelathini na sita vita vilipoingia Uvira, na thelathini na minane uasi mwingine ulipokuja kuketi mjini na bendera yake, mihuri yake na makomanda wake. Mtu aliyeishi hivyo hashtuki ovyo. Kila utawala, Émérance alisema, unakuja na karatasi zake za kusaini, na kila utawala unaleta choo chake kipimwe.

Maana kazi yake ilikuwa kupima. Alikuwa fundi wa maabara katika kituo kimoja cha afya upande wa Kimanga, karibu na ziwa, chenye maternite, wodi ya kujifungulia, ya vitanda vinane na chumba kidogo ambacho kila mtu alikiita labo. Humo kulikuwa na hadubini moja, sahani za kioo za kuoteshea vijidudu, na makopo ya unga wa kupikia chakula cha vijidudu hivyo, yaliyoachwa na wazungu waliokuja kupigana na kipindupindu wakaondoka. Kabati la joto lilifanya kazi umeme ukiwapo. Umeme ukikatika, Émérance alikuwa na sanduku la mbao na taa ya mafuta ndani yake, na kwa miaka sita sanduku hilo lilifanya kazi kuliko kabati. Mume wake, Antoine, alikimbilia Kigoma mwaka wa tisini na sita, na ukimuuliza Émérance habari zake atakuambia bado anakimbia.

Mwaka wa elfu mbili ndipo lingeti zilipoingia Uvira kwa kishindo. Ni vile vitambaa laini vilivyoloweshwa dawa na manukato, vinavyokaa ndani ya pakiti yenye kibandiko juu yake. Mwanamke anabandua, anavuta kimoja, anapangusa poda na wanja, uso unabaki safi. Zilitoka mbali kupitia Bujumbura, na aliyezileta aliitwa Libérat, mtu mnene mwenye sauti ya upole na ghala kubwa, depo, nyuma ya soko. Libérat alikuwa rafiki wa Komanda Placide, mkuu wa waasi katika sehemu ile ya mji, kwa hiyo makatoni yake yalivuka mpaka wa Kavimvira bila mtu kuyagusa hata kwa kidole.

Wanawake walizipenda, na sioni kwa nini wasizipende. Bomba lilikuwa limekauka, sabuni imeadimika, vita vimekula kila kitu kizuri, halafu hapa kuna pakiti ya rangi ya waridi inanukia kama Jumapili. Walizitumia baada ya misa, baada ya ngoma, baada ya kulia msibani. Libérat akatoa zawadi ya makatoni kumi kwa maternite, na wakunga wakaanza kuwapangusia watoto wachanga nyuso na macho mara tu wanapozaliwa, maana maji ya kuchemsha yalihitaji kuni na kuni hazikuwapo.

Kisha maneno yakaanza sokoni. Wengine walisema lingeti zinatoa vipele. Libérat hakupenda. Akaja labo mwenyewe, amevua kofia, na pakiti tatu mkononi.

"Mama Émérance, unipimie hizi," alisema. "Watu iko wanasema maneno mingi. Weye ukisema iko safi, wote watanyamaza. Komanda anataka karatasi kesho."

Kesho. Hapo ndipo kosa lilipozaliwa, na ni vizuri nilieleze wazi, kwa sababu mwenyewe hakuwahi kulificha. Kitu chenye dawa ya kuzuia kuoza hakipimwi hivi hivi. Ukikiweka juu ya chakula cha vijidudu, ile dawa inashuka nacho, vijidudu vinalala, na sahani inabaki nyeupe ikikudanganya. Mwalimu wake wa Bukavu, Bwana Protais, alikuwa amewafundisha njia ya watu wasio na vifaa: chukua kiini cha yai bichi, ukichanganye na maji uliyochemsha, ukilowekee ndani yake kile kitambaa. Kiini cha yai kinaishika dawa na kuichosha. Ndipo unaotesha, na ndipo unajua ukweli. Émérance alilijua hilo kama anavyolijua jina lake. Ila kuku wote wa Kimanga walikuwa wameliwa na askari tangu Pasaka, na kupata yai kulimaanisha kutembea hadi Kavimvira na kurudi, na karatasi ilitakiwa kesho. Akajiambia, haidhuru. Aliona hata kibandiko cha pakiti moja kimekaa upande, kama kilibanduliwa kikabandikwa tena. Akakiona, akakipita.

Akakandamiza kitambaa juu ya sahani, akafunga kabati. Kesho yake adhuhuri sahani ilikuwa safi. Akaandika: "Hakuna kilichoota." Maneno hayo yalikuwa kweli, na ndiyo yaliyomuuma baadaye kuliko uongo wowote. Akasaini jina lake lote kwa herufi kubwa, akagonga muhuri. Jioni ile ile karatasi ilikuwa imewekwa chini ya kioo mlangoni pa depo, na wanawake wasiojua kusoma walionyeshwa sahihi.

Wiki tatu zikapita. Honorine, mke wa mvuvi mmoja wa Kalundu aitwaye Evariste, akajifungua mtoto wa kike pale maternite. Siku ya tatu macho ya mtoto yakavimba, yakafunga, yakaanza kutoa usaha. Jicho la kushoto lilikuwa baya zaidi. Muuguzi mkuu wa kituo, Thaddée, ambaye wote walimwita titulaire, mtu mwoga lakini si mbaya, hakuuliza labo. Alifungua kitabu chake, akakuta kwamba usaha kwenye macho ya mtoto mchanga hutokana na ugonjwa wa zinaa wa mama, akaandika hivyo kwenye fishi, kadi ya matibabu, ya Honorine. Na kama vile kuandika hakutoshi, akausoma mstari huo kwa sauti mbele ya mume na mbele ya wagonjwa wote waliokuwa wamekaa kwenye mabenchi.

Evariste alikuwa mtu wa kulala ziwani, akivua ndakala, wale dagaa wa ziwa, kwa taa. Alisikia maneno yale, akatazama sakafu, akatoka. Siku ile ile nguo za Honorine zilipelekwa kwa mama yake Kasenga ndani ya gunia. Watu wa Kalundu walisema walichosema. Mji ambao umezoea kunyang'anywa kila kitu unajua sana kumnyang'anya mwanamke jina lake.

Kabla wiki mbili hazijaisha, watoto wengine watatu walikuwa na macho yale yale, na fishi tatu zilikuwa na mstari ule ule. Émérance alizikuta juu ya meza ya Thaddée alipokwenda kuomba spiriti.

"Wanne kwa wiki mbili?" aliuliza. "Titulaire, kwa hiyo Kimanga nzima ilikutana wapi?"

"Kitabu njo kinasema, mama."

"Kitabu haikuona hawa watoto. Unipe usaha."

Alichukua usaha wa wote wanne kwa pamba, akaupaka kwenye kioo, akautia rangi, akainama juu ya hadubini. Vijidudu vya ugonjwa ule wa zinaa anavijua kila fundi wa maabara: vinakaa viwili viwili, vimekabiliana, kama punje mbili za maharage. Hapa hakuona hata punje moja. Aliona vijiti vyembamba, vingi, vya aina moja, kwa watoto wote wanne. Sahani alizootesha kwa usaha huo zilipofunguliwa kesho yake zilikuwa za kijani, zikitoa harufu tamu ya matunda yaliyopitiliza kuiva, na Émérance akakaa chini kwenye kiti. Mdudu huyo alimjua pia. Anaishi kwenye maji. Hana haja ya mwanamume wala ya mwanamke kufika popote. Na jicho bichi analila kwa siku chache.

Alimwambia Thaddée abadilishe dawa ya matone saa ile ile, na Thaddée, kwa heshima yake, akabadilisha. Watoto watatu walipona. Mtoto wa Honorine alipona jicho la kulia. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha kuwa jeupe.

Émérance akawauliza wakunga, "Nini kinagusaka macho ya mutoto ya kwanza kabisa?" Wakamwonyesha pakiti ya rangi ya waridi. Akavaa kitambaa chake cha kichwa, akaenda kwenye depo ya Libérat, lakini hakupita mlango wa mbele wenye karatasi yake. Alizunguka nyuma.

Nyuma ya depo, chini ya mabati, wanawake watano walikuwa wamekaa wakizunguka mabeseni. Jua la Uvira lilikuwa limeyakausha makatoni, kwa kuwa depo ile ilikuwa moto kuliko tanuru, na kitambaa kikavu hakimpati mnunuzi. Kwa hiyo walifungua kila pakiti, wakatia kikombe cha maji ya mto Kalimabenge, wakadondosha manukato kidogo, wakabandika mdomo kwa uji wa mihogo. Mmoja wao, mama wa makamo, akamsalimu vizuri na kumweleza bila kuficha lolote, kwani hakuona la kuficha.

"Zilikauka, mama. Tunazirudishia maji tu. Maji haijauaka kitambaa."

Katika miaka ile nani hakuongeza maji? Maziwa yaliongezwa maji, bia iliongezwa maji, sabuni ya maji iliongezwa maji mpaka ikaacha kutoa povu. Hata wino wa muhuri wa kituo, ule ule uliogongwa kwenye karatasi ya Libérat, Émérance mwenyewe alikuwa ameuongeza maji mara tatu. Wanawake wale walifanya kile ambacho kila nyumba ya Uvira ilikuwa ikifanya ili siku ipite. Dawa iliyokuwa kwenye vitambaa ilitosha kwa maji ya kiwandani, haikutosha kwa mto unaofuliwa nguo na kunywewa na ng'ombe. Ikawa dhaifu, wala isife kabisa: dhaifu mno kumzuia mdudu ndani ya pakiti, lakini bado na nguvu ya kumlaza juu ya sahani ya fundi mvivu. Fundi mvivu alikuwa yeye.

Alitembea hadi Kavimvira. Mjane mmoja anayemfahamu alikuwa na kuku wawili aliowaficha ndani ya chumba cha kulala, akampa mayai matatu. Émérance aliyaosha, akayapangusa kwa spiriti, akatoboa ganda kwa sindano iliyopitishwa motoni, akavuta kiini kwa bomba la sindano kama Bwana Protais alivyofundisha. Safari hii hakuacha mwanya. Sahani ya kwanza, lingeti iliyoongezwa maji, pamoja na yai. Sahani ya pili, lingeti kutoka pakiti ambayo haijawahi kufunguliwa, aliyoikuta chini kabisa ya katoni la maternite, pamoja na yai. Sahani ya tatu, yai peke yake. Umeme ulikatika mara mbili. Mara mbili akahamishia sahani kwenye sanduku la taa. Akakaa nazo siku mbili nzima.

Sahani ya kwanza ilikuwa kijani kutoka ukingo hadi ukingo. Ya pili na ya tatu hazikuwa na kitu.

Alizifunga kwa plasta, akazipeleka kwa Thaddée, akamtaka asahihishe fishi nne. Thaddée akatazama mlango kwanza, kisha sahani.

"Mama, weye unajua nani iko nyuma ya hizi lingeti?"

"Najua. Na nani iko nyuma ya hawa wamama?"

Thaddée akazirudisha fishi chini ya kitabu chake. Lakini habari ilimfikia Libérat kabla ya chakula cha mchana, na saa nane askari wawili walikuja kumwita Émérance ofisini kwa Komanda.

Komanda Placide alikuwa amekaa nyuma ya meza ya chuma, kijana kuliko Émérance, na viatu vilivyong'arishwa. Libérat alikaa pembeni. Mezani kulikuwa na karatasi iliyopigwa taipu tayari, na kalamu juu yake. Émérance aliisoma akiwa amesimama. Ilisema kwamba kituo cha afya kinathibitisha kwa mara ya pili usafi wa lingeti, na kwamba ugonjwa wa macho wa watoto unatoka kwa tabia za mama zao. Nafasi ya sahihi iliachwa chini, na jina lake likiwa limeandikwa bila kosa.

"Usaini, mama, urudi kwa kazi yako," alisema Komanda.

"Sitasaini."

Libérat akacheka kwa upole wake ule. "Komanda, huyu mama alipika lingeti na mayai. Minye sijawahi kusikia. Yai ilioza, njo ikaota kijani, kiisha anasema ni bidhaa yangu."

Émérance alikuwa amelitarajia neno hilo. Akatoa sahani tatu kwenye mkoba, akazipanga mezani juu ya ile karatasi ya taipu. "Hii iko yai peke yake, Papa Libérat. Angalia. Haikuoza. Hii iko lingeti yako kama ilivyotoka kiwandani, na yai. Safi. Hii ya kijani iko lingeti yako na yai na maji ya Kalimabenge yenye unaongezaka nyuma ya depo. Kati ya hizi tatu, uniambie nani alioza."

Libérat akatazama dirishani. Komanda aliinua sahani ya kijani, akaigeuza, akataka kuibandua plasta. Émérance akamwambia asifungue kama anayapenda macho yake, na Komanda akairudisha mezani upesi kidogo kuliko alivyotaka. Hilo lilimkasirisha. Akasimama.

"Sahihi yako iko kwa mlango ya depo," alisema. "Umesema safi. Leo unasema chafu. Sasa unijibu, mama: ulisema uongo siku ile, ao unasema uongo leo?"

Swali lilikuwa zuri, na Komanda alijua ni zuri. Kwa siku nne Émérance alikuwa akilitafuna moyoni swali hilo hilo. Angeweza kusema pakiti zilibadilishwa. Angeweza kumtupia mwalimu, au umeme, au unga uliopitwa na wakati. Aliona aibu, aibu ya kweli inayochoma masikio, na akaamua kuibeba.

"Siku ile," alisema. "Siku ile nilikosea. Nilijua kazi inafanywaka namna gani, nikaifanya nusu, juu ulitaka karatasi kesho na minye nilikuogopa. Mutoto mumoja hana jicho juu ya ile sahihi. Leo sikukosea, na leo sikuogopi."

"Nitafunga labo."

"Funga, Komanda. Funga na kufuli mbili. Lakini askari wako wanakunywa ziwa. Mvua ikianza, wataanza kuhara maji meupe, na weye utatafuta muntu wa kukuambia kama ni kipindupindu ao ni tumbo tu. Wa kutumia ile hadubini hapa niko minye peke yangu. Utanitafuta wapi? Gerezani?"

Nje askari mmoja alikuwa akipiga mswaki na kutema. Komanda Placide hakuwa mjinga, na mwaka uliotangulia alizika watu kumi na mmoja kwa wiki moja bila hata mmoja wao kupigwa risasi. Alichukua karatasi ya taipu kutoka chini ya sahani, hakuichana, hakuisogeza kwake Émérance tena. Akaitia kwenye droo.

"Toka," alisema.

Émérance akachukua sahani zake, akatoka. Akaenda moja kwa moja mpaka sokoni. Ilikuwa saa ya watu wengi. Akafika mlango wa mbele wa depo, akaondoa kioo, akaitoa karatasi yake. Mlinzi akamuuliza anafanya nini. "Nachukua jina langu," akamjibu. Akaigandamiza ukutani, akaandika juu ya maneno ya zamani, kwa herufi ambazo hata mtu wa upande wa pili wa barabara angezisoma: "NILIKOSEA. LINGETI HIZI ZIMETIWA MAJI MACHAFU. MSIPANGUSE MACHO." Akasaini tena jina lake lote. Kisha akairudisha chini ya kioo, akasimama kando, na sahani ya kijani mkononi kwa yeyote aliyetaka kuona.

Walitaka kuona. Kwanza alikuja muuza nyanya, kisha dada wawili waliotoka kusukwa, kisha soko likahamia pale. Waliosoma wakawasomea wasiosoma. Hakuna aliyepiga kelele sana. Walikwenda majumbani, wakarudi na pakiti za waridi, wakazitupa kizingitini pa depo, moja moja, mpaka mlango haukufungika. Nyuma, chini ya mabati, yule mama wa makamo alisikia, akamwaga beseni lake, akajifuta mikono kwenye kitenge na kwenda zake. Libérat hakuonekana siku ile wala wiki ile.

Thaddée alisahihisha fishi. Alikata mistari yake minne kwa rula, kama mwanafunzi, akaandika "maji machafu", akasaini bila kuinua kichwa. Émérance akachukua fishi ya Honorine, akaenda nayo Kalundu mchana wavuvi wakiwa wanaanika nyavu. Mstari wa kwanza ulisomwa mbele ya watu. Alitaka wa pili usomwe mbele ya watu hao hao au zaidi. Akamwita Evariste kwa jina, akasoma, akaeleza kwa ufupi kuhusu vijiti na maharage, akasema, "Bibi yako hana ugonjwa wowote. Mwenye kosa niko minye. Kama unataka kufukuza muntu, unifukuze minye."

Wavuvi wakamtazama Evariste. Evariste alikaa juu ya ukingo wa mtumbwi, akashika kichwa. Baadaye akamwomba Émérance waende pamoja Kasenga, kwa kuwa peke yake hangeweza.

Honorine alikuwa uani kwa mama yake, ananyonyesha. Alikuwa amekonda. Aliwaona wakija, hakusimama. Evariste akasalimu, akasema alichokuwa amekipanga njiani: kwamba karatasi imesahihishwa, kwamba sasa anajua, kwamba nyumba iko vile ilivyokuwa, gunia la nguo atalibeba mwenyewe. Alisema vizuri, na machozi yalikuwa karibu. Émérance, aliyesimama nyuma yake na fishi mkononi, aliona roho yake mwenyewe ikianza kutulia. Alidhani amelipeleka jambo mahali pake.

Honorine akamgeukia yeye kwanza. "Mama Émérance, weye ulikosea. Kiisha ukasema ulikosea, ukatembea mpaka hapa. Sijakusamehe, lakini kaa. Mama atakupa maji."

Kisha akamtoa mtoto kwenye titi, akamweka mikononi mwa Evariste, akamgeuza kichwa ili baba aone upande wa kushoto. Evariste akaona. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuliona jicho lile.

"Karatasi ya kwanza uliiamini siku moja," Honorine alisema, bila hasira, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. "Na hii ya pili umeiamini siku moja. Minye, miaka sita nililala kwa kitanda yako. Ya tatu ikija kesho, utanirudisha tena na gunia?"

Evariste akageuka kuitazama fishi mkononi mwa Émérance. Honorine akangoja jibu kwa muda wa kutosha, hakumwonea, kisha akamchukua mtoto wake, akaingia ndani.

Émérance alibaki uani, kwa sababu yeye alikuwa amekaribishwa. Evariste akarudi Kalundu peke yake.